Miguu Niliyoahidiwa na Vigimbi Nilivyopewa

Kwa Meneja,
Ukumbi wa Mazoezi,
Ghorofa ya juu kabisa, juu ya duka la magodoro.

Ndugu Meneja,

YAH: VIGIMBI NISIVYOVIAGIZA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa vizuri na miguu umeinyoosha. Mimi si mzima sana. Naandika nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa naviona, na nikiviona nalia.

Mimi ni yule fundi cherehani wa mtaa wa chini, ninayekuja asubuhi na futi yangu ya kupimia shingoni, ambaye wanachama wenzangu wameniita Mama Pindo mpaka jina langu wamelisahau. Nilijiunga nanyi kwa sababu moja tu. Mdogo wangu wa tumbo moja anaolewa Jumamosi hii, na mimi ndiye nitakayesimama ubavuni mwake watu wote wakitutazama. Siku wakwe walipokuja kujitambulisha, nilipita na sinia la vikombe, na shangazi yetu akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba miguu yangu ni michi miwili iliyokosa kinu. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikaenda jikoni nikalia kidogo juu ya sufuria.

Ndipo nikaja kwenu. Nilimweleza mwalimu wenu, yule kijana mrefu tunayemwita Springi, kwamba nataka miguu myembamba, iliyonyooka, bila kuongeza msuli hata wa kujaza kijiko cha chai. Alinielewa upesi sana. Akanikataza vyuma vizito, akanikataza ngazi na vilima, akaniambia nitembee mahali tambarare, niendeshe baiskeli nyepesi na nijinyooshe kila siku. Akaniapia kwamba kabla ya harusi nitaitafuta miguu yangu nisiione. Mtu akikuambia jambo huku kisigino chake kimegusa kisogo, Ndugu Meneja, utamkatalia vipi?

Kwa imani hiyo nilifungua sanduku la marehemu mama. Naye alikuwa fundi, na alituachia kitambaa cha zambarau akisema kivaliwe siku kitinda mimba wake atakapoolewa. Hakiuzwi tena popote. Nimezunguka maduka yote ya vitambaa mpaka wauzaji wakiniona wanatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Nikakikata suruali na koti lake. Na hiyo suruali nikaikatia miguu niliyoahidiwa, si miguu niliyokuwa nayo.

Jana nimeijaribu. Imepita nyayo, imepita vifundo, imefika kwenye vigimbi ikagoma. Nimeruka chumba kizima, nimeangusha pasi, nimelala chali na kupiga mateke. Wapi! Hapo ndipo nilipochukua kalamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ngazi. Ukumbi wako uko juu kabisa na lifti imekufa. Mlangoni pake mmebandika karatasi inayosema matengenezo yanaendelea, na karatasi yenyewe imeshageuka manjano. Springi alinikataza ngazi nikiwa juu, nimeshazipanda, nahema. Nikamuuliza kesho nitafikaje. Akafikiri sana, akasema nipande taratibu. Nikapanda taratibu, hata muuza magodoro akanionea huruma akanitolea godoro la kupumzikia, na wanaoshuka wakawa wananipa pole ya ugonjwa. Lakini misuli ya mguu haijui taratibu wala haraka, inajua ngazi.

2. Baiskeli ya pale konani. Anayeitumia kabla yangu ni muuza nyama, mtu mwema, ila yeye anatafuta mapaja ya kupasua suruali. Aliikaza ile baiskeli mpaka kirungu cha kupunguzia uzito kikavunjika, na sasa imebaki palepale alipoiacha, kwenye uzito wa kukokota ng'ombe asiyetaka kwenda. Nilipotoa taarifa niliambiwa nikanyage kidogo kidogo. Tafadhali nenda mwenyewe ukakanyage kidogo kidogo, halafu uniandikie.

3. Mahali tambarare. Mtaa wetu hauna. Kutoka nyumbani hadi dukani kwangu ni mteremko, na kurudi ni mlima. Kwa utii nikaamua kushuka kwa miguu na kupanda kwa mkokoteni wa muuza viazi, nimekaa juu ya magunia na heshima zangu zote, nawapungia mkono majirani. Baada ya muda muuza viazi akaota vigimbi vya kupendeza mno, mkewe akaja dukani kunishukuru, nami nikasema sawa, misuli yangu imepata mwenyewe. Kumbe! Springi anakuja kuniambia, tena kwa kupitia tu huku anakunja taulo, kwamba kushuka mteremko nako kunajenga misuli. Yaani misuli niliyokuwa naikwepa jioni, nilikuwa naikusanya asubuhi. Kwa nini hakusema mapema? Angesema, ningekuja kazini kwa mkokoteni na kurudi kwa mkokoteni, na muuza viazi leo angekuwa bingwa wa taifa.

4. Cherehani. Springi alipojua kwamba cherehani yangu ni ya kukanyaga, alishika kichwa kwa mikono miwili. Akaniamuru nipumzishe miguu kazini. Ile cherehani ni ya mama, siwezi kuifunga mota kama pampu ya kisima, kwa hiyo nikamweka mume wangu chini ya meza akanyage yeye, mimi niongoze kitambaa. Mume wangu ni dereva wa lori na alikuwa likizo. Sikujua kwamba mtu akiendesha lori maisha yake yote hawezi tena kukanyaga kitu bila kufunga breki. Mtoto akipita nje, breki. Paka akikohoa, breki. Nilipofika kwenye mviringo wa kwapa alipiga honi kwa mdomo. Sketi ya mwalimu mkuu wa shule ilitoka mfuko umeshonewa kwenye pindo, na mwalimu mkuu akaniuliza kwa upole kama huo ndio mtindo mpya. Nimemrudisha mume wangu barabarani anakofaa. Magauni yote ya harusi nimeyakanyaga mwenyewe, kutwa nzima, na kila mshono utakaouona Jumamosi ujue umeingia kwenye kigimbi changu.

5. Kioo chenu. Hiki ndicho kilichoniua. Kile kioo kirefu cha ukutani kimeegemezwa, hakikusimama wima, na mtu akijitazama humo anaona miguu imetoka kifuani na kwenda kama barabara mpya. Mimi ni mtu mzima katika kazi hii. Nimewashonea bibi harusi wengi, na wote huniapia kwamba nikate ndogo, watapungua. Huwa naitikia ndiyo mwanangu, ndiyo mama, naandika vipimo vyao vya ndoto, halafu kimya kimya nawaachia kitambaa cha kutosha ndani ya mshono, maana siku ya harusi lazima watakuja wakilia. Sijawahi kumwamini mteja hata mmoja. Lakini nilijitazama kwenye kioo chenu, nikajiamini, nikarudi dukani mbio, kwa mteremko, nikashika mkasi.

6. Springi mwenyewe. Nilipompelekea hivi vigimbi ili avione na ajutie, alipiga makofi. Akaita watu! Akawaambia waje waone kitu walichokuwa wakikitafuta miaka yote. Muuza nyama akapiga goti, akavitazama kama anavyotazama nyama ya paja, akaniuliza natumia dawa gani. Dada mmoja akaomba apige navyo picha. Nimetukanwa na shangazi nikavumilia, Ndugu Meneja, lakini kusifiwa namna ile mbele za watu, kwa kitu nilicholipia kiondolewe, sikuweza.

Kwa hayo yote, na kwa kuwa mimi si mtu wa ugomvi, naomba mambo machache tu.

Kwanza ukumbi ushushwe chini. Simaanishi wote, najua ni mzito. Mnaweza kubadilishana na muuza magodoro. Nimeshazungumza naye, na anasema watu waliopanda ngazi zote hizo wangenunua godoro bila kuuliza bei.

Pia misuli yangu irudishwe ukumbini. Msiniambie haiwezekani. Kama mliweza kuniwekea bila kuniuliza, mtaweza kuitoa, na mteja wake yupo hapohapo konani, anaitamani mchana kutwa. Mpeni muuza nyama. Simdai kitu, aitunze tu.

Kama hilo litachelewa kupita Jumamosi, nalazimika kuomba la mwisho, na naliomba kwa heshima. Nimepima kwa macho wanachama wote na watumishi wote, na mtu pekee ambaye miguu yake inaweza kuingia katika ile suruali ni Springi. Kitambaa cha mama lazima kifike harusini. Hilo halina mjadala, niliahidi nikiwa nimemshika mkono. Kwa hiyo naomba Springi apewe ruhusa ya kikazi siku ya Jumamosi, avae suti ya zambarau, na asimame ubavuni mwa mdogo wangu kwa niaba yangu. Kazi si nzito. Atashika maua wakati bibi harusi anavishwa pete. Atamfuta jasho puani bila kuharibu poda. Atalia mdogo wangu akianza kulia, si kabla, na atalia kwa adabu, bila kujinyoosha. Shangazi atamtazama miguu toka juu hadi chini, na hapo ninaomba atembee polepole na sinia la vikombe, mara kadhaa, mpaka shangazi akose la kusema. Mimi nitakuwa nyuma ya pazia, nitampungia.

Pindo la suruali ni fupi kwake, lakini hilo nitalishusha leo hii mara nikimaliza kuandika. Ukumbi ugharimie uzi tu.

Naomba nisieleweke vibaya. Sina kinyongo na mazoezi. Naamka mwepesi, mgongo umeacha kuniuma, na juzi nilibeba cherehani peke yangu kutoka chumbani hadi barazani, jambo lililomshtua mume wangu akafunga breki akiwa amesimama. Lakini hayo sikuyaagiza. Niliagiza miguu.

Nisalimie wote wa zamu ya asubuhi. Msalimie muuza nyama na umwambie aniwekee mifupa ya supu. Msalimie yule dada wa picha, na kama ile picha ilitoka vizuri naomba nakala. Wasalimie mlinzi wa getini, muuza magodoro, na fundi wa lifti endapo mtamwona siku moja katika maisha yenu. Mume wangu anakusalimu kutoka barabarani.

Ni mimi, wako katika kupanda na kushuka,
Mama Pindo, fundi cherehani.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha. Nikaigeuza suruali nje-ndani ili nishushe lile pindo la Springi, na nikabaki nimeduwaa. Ndani ya mshono kuna kitambaa! Kimekaa pande zote mbili, kimekunjwa vizuri, kimepigwa pasi, cha kutosha kabisa. Nilijikatia vipimo vya ndoto, na mikono yangu ikanifanyia kama inavyomfanyia kila mteja muongo, bila hata kuniambia. Jana nilipiga mateke chali sakafuni na dawa ilikuwa humo humo. Nikafumua, nikashona upya, nikavaa. Imepanda bila kubishana.

Mdogo wangu akaingia kujaribu gauni lake, akanikuta nimesimama katikati ya chumba na zambarau. Alichuchumaa kama anatazama pindo, mara akaikumbatia miguu yangu, na gauni lake lote jeupe pale sakafuni, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akasema hii ni miguu ya mama. Nikatazama. Ni yake kweli, jamani. Ndiyo ile ile tuliyokuwa tunaiona chini ya meza tukiwa watoto, tukicheza na vipande vya vitambaa, inapanda na kushuka kwenye kanyagio, na sisi tunasinzia kwa ule mlio. Nikampigia shangazi kumuuliza, na kumbe michi miwili ndivyo alivyokuwa akimtania wifi yake, mama yetu, tangu siku ya kwanza. Alisema aliponiona na lile sinia alidhani ni yeye amerudi, akashindwa kunyamaza. Tumelia wote watatu, simu ikaisha chaji.

Kwa hiyo tafadhali usiisome barua hii. Springi aje harusini, lakini avae suruali yake. Jumatatu nipo kwenu, na muuza nyama aambiwe asiiguse ile baiskeli. Nataka nikute uzito uleule.