Alama Sita za Kusikiliza

Jumatatu, 3 Novemba

Siku kumi zimebaki. Mtihani wa majaribio wa mwisho, Kiingereza: 74. Chuo cha Busan kimeshanikubali nikasomee ukutubi, kazi pekee duniani ambayo mtu analipwa kwa kukaa kimya katikati ya vitabu. Sharti ni moja: daraja la pili la Kiingereza katika mtihani wa taifa. Daraja la pili linaanzia 80. Nimepungukiwa alama sita. Sita!

Aibu yenyewe ni hii. Sehemu ya kusoma, inayowaliza wote, nimepata 59 kati ya 63. Sehemu ya kusikiliza, ambayo hata wanaosinzia darasani huizoa yote, nimepata 15 kati ya 37. Mwalimu Do wa Kiingereza aliishika karatasi yangu kwa vidole viwili, kama soksi ya mtu mwingine. Akauliza nilikuwa nasikiliza au natunga riwaya.

Si kosa langu. Kwenye rekodi wapo mwanamume na mwanamke, kila mara hao hao. Mwanamke anasema ameshanunua maputo ya sherehe. Mwanamume anasema ameshakodi ukumbi. Swali: mwanamume atafanya nini kinachofuata? Mimi nawaza: mbona kazi zote wanafanya wawili tu? Wenzao wako wapi? Na huyu dada, anampenda? Nikizinduka, tumefika swali la nane. Rekodi hairudiwi.

Mbele yangu anakaa Pyo Ran-hui. Aliishi Auckland mwaka mzima kwa shangazi yake. Husikiliza akiwa amefumba macho nusu, kama paka juani. 37 kati ya 37. Leo aligeuka akaniambia, "Pole, mwandishi." Pole! Lazima nimpite. Nahitaji mbinu.

Jumatano, 5 Novemba

Mbinu ya kwanza: chuki. Usiyempenda humfikirii. Nimeandika juu ya kifutio: HAWA SI WATU.

Saa saba na dakika kumi mchana, shule ilifungulia rekodi ya mazoezi kwenye vipaza sauti. Hufanya hivyo kila siku, saa ile ile ya mtihani wenyewe, ili masikio yazoee. Nikakunja uso. Nikawachukia kwa dhati hadi swali la tatu. Kisha mwanamume akakohoa kidogo. Sauti yake ilikuwa imekauka. Mwanamke hakumuuliza hali, aliendelea tu na habari za hema la kukodi. Kwa hiyo duniani kote hakuna aliyejali afya yake, na mimi nimeshinda nikimchukia! Nilijisikia vibaya mpaka swali la kumi na moja.

Alama 13. Zimeshuka.

Kosa kubwa lilikuwa kulitamka neno hilo nyumbani. Mama ana kibanda cha tambi sokoni hapa Gimhae, na tangu mwezi uliopita ni marufuku kitu chochote kushuka, kuteleza wala kuanguka mbele yake: kwa imani ya hapa kwetu, kinachoanguka humwangusha mtahiniwa, kinachonata humfaulisha. Mchuzi wa mwani haupikwi, unateleza. Leo upawa ulimponyoka. Akageuka haraka kwa wateja akatangaza kwamba haujaanguka, umenata sakafuni! Mzee Gi, fundi viatu, hula kwetu kila jioni. Alipodondosha kijiti chake cha kulia tambi aliinua mikono: "Mama Yeon-du, na changu kimenata!" Akaongezewa keki ya samaki bure. Nadhani alikidondosha makusudi.

Ijumaa, 7 Novemba

Mbinu ya pili: kumwiga Ran-hui. Nimempeleleza siku mbili. Kumbe wakati rekodi imenyamaza kati ya swali na swali, yeye hajapumzika. Anafunua karatasi kimyakimya na kujibu maswali ya kusoma, kisha anarudi. Karibu darasa zima hufanya hivyo. Ndiyo maana huwa nasikia karatasi zikipepea pamoja, nami nilidhani ni upepo.

Akili yangu ikaona mwanga. Nikiwa na shughuli kila sekunde, nitapata wapi nafasi ya kuwawazia wale wawili?

Leo nimejaribu. Swali la kwanza, sawa. La pili, sawa. Nikafunua. Macho yakaangukia (samahani, Mama: yakanata) kwenye kifungu kirefu cha mwisho, cha mvulana aliyesahau fidla ya babu yake kwenye treni. Nilitaka kusoma sentensi mbili tu. Alipofika ofisi ya vitu vilivyopotea nilikuwa nimeshika shavu. Fidla haikuwepo. Aya iliyofuata, ipo! Machozi. Nikainua kichwa. Vipaza sauti vilikuwa vimenyamaza kabisa, na Mwalimu Do amesimama kando yangu. Akaniuliza kwa upole kama nimemaliza. Nikamwambia ndiyo, fidla imepatikana. Darasa likaangua kicheko.

Kusikiliza: 9. Maswali ya fidla: yote matatu sahihi.

Ran-hui aliniambia wakati wa kutoka kwamba mbinu ile si ya kila mtu. Nikamjibu kwamba nilikuwa naifanyia uchunguzi tu.

Jumapili, 9 Novemba

Nimepata! Nimepata! Nimepata!

Nilipanda juu ya paa kumwekea Mama kabichi za kuchacha, vipokea sauti masikioni, rekodi inacheza. Nyumba yetu iko kwenye njia ya ndege zinazotua. Zinapita chini hivi mpaka unahesabu magurudumu. Swali la nne, ndege. Ngurumo, madirisha yanatetemeka, sisikii kitu. Nikayakimbilia maneno kama mtu anayefukuza kofia kwenye upepo. Nikalikamata moja, nikalikamata la pili. Ndege ikaondoka. Nikagundua kwamba kwa dakika nzima sikuwa nimewaza habari za yule mwanamke hata kidogo!

Nikajipima kwa rekodi nzima, maswali kumi na saba, ndege tisa. Alama 31!

Hii ni sayansi. Ngurumo haiachi nafasi ya huruma. Nimeingia ndani nikamwambia Mama kwamba kuanzia leo nitasomea juu ya paa. Akasema kuna baridi, nitaugua. Nikasema mtu hawezi kuugua akiwa na mbinu. Akanivika makoti mawili na kofia ya marehemu babu.

Jumanne, 11 Novemba

Alama 33 jana. Leo 35! Masikio yanalia, lakini yanalia kwa ushindi.

Nilishindwa kujizuia. Leo ni siku ya kupeana vijiti vya biskuti vya chokoleti, na Ran-hui alinipa kimoja. Nikampa changu, kisha nikamwambia kama mtu anayepita tu kwamba nimegonga 35. Akatoa macho. Akaniuliza nimefanyaje. Nikatabasamu kama watu wa kwenye mabango. Akaanza kusema, "Lakini Yeon-du, ukiwa pale paani si..." kengele ikalia. Amejuaje habari za paa? Mzee Gi! Huyo fundi hana siri, alinihesabia hata makoti.

Hata hivyo, Ran-hui anakohoa. Mafua. Nimemhurumia kwa dakika moja, nikarudi kwenye furaha yangu.

Jumatano, 12 Novemba

Balaa. Balaa kubwa.

Asubuhi tuligawiwa kadi za mtihani. Ran-hui na mimi tumepangwa chumba kimoja, yeye kiti cha mbele yangu, kama kawaida. Nikarudi nyumbani nikiimba. Jioni nikawa nakunja leso kibandani, redio ya Mama inasoma habari. Kesho ofisi zitafunguliwa kwa kuchelewa ili barabara ziwe wazi. Vizuri. Polisi watawabeba watahiniwa watakaochelewa. Vizuri. Na kuanzia saa saba na dakika tano mchana, wakati wa mtihani wa kusikiliza Kiingereza, hakuna ndege itakayopaa wala kutua nchi nzima.

Leso zikanata sakafuni.

Nilijua! Kila mtu anajua! Mtoto wa chekechea anajua! Taifa zima linazuia pumzi ili mimi nisikie vizuri, na mimi nikisikia vizuri nimekwisha!

Nikajaribu kufikiri. Nahitaji kelele. Kelele halali. Kelele iliyo karibu. Nikakumbuka: Ran-hui na kikohozi chake! Atakuwa mbele yangu, hatua moja tu. Kikohozi kikubwa kila swali kingetosha. Nikapumua.

Hapo hapo Mama akaweka chupa ya moto mezani. Amechemsha peari na tangawizi na asali. Amesikia mtoto wa Pyo anakohoa, kwa hiyo nimpelekee sasa hivi ingali moto, maskini asije akaharibikiwa kesho.

Nimelizunguka soko mara tatu na ile chupa. Mara ya kwanza nilipanga kuisahau kwa fundi viatu. Mara ya pili nilipanga kuinywa mwenyewe. Mara ya tatu Mzee Gi akanipigia kelele kwamba kwa Pyo ni upande wa pili, we binti, umepotea kwenye soko ulilozaliwa?

Nikaipeleka. Ran-hui alifungua mlango, pua nyekundu, akaishika chupa kwa mikono miwili. Akasema hakuna aliyewahi kumletea kitu. Akainama mpaka nywele zikafunika uso. Nikamwambia anywe kidogo tu, kwa kiasi, si lazima yote. Akasema atainywa yote.

Alhamisi, 13 Novemba

Mtihani umepita.

Getini wadogo zetu wa shule walipiga ngoma na kutuimbia. Mmoja akanibandikia peremende ya kunata kwenye mkoba. Mama alinipa kikasha cha chakula, akashika shavu langu, akasema nikale polepole. Hakusema lingine. Nadhani aliogopa neno baya lisimponyoke.

Saa saba na dakika kumi. Nje, kimya. Sijawahi kuisikia Gimhae ikiwa kimya hivi. Hata mbwa wa jirani wa shule alikuwa anaiheshimu serikali. Nikamkodolea macho Ran-hui mgongoni: kohoa! Kohoa, ndugu yangu! Alitulia kama sanamu. Mabega hayatikisiki. Alikuwa amepona kabisa, kwa mkono wangu mwenyewe!

Sikuwa na ndege. Sikuwa na kikohozi. Sikuwa na mbinu yoyote. Nikaweka kalamu chini nikawasikiliza tu wale wawili, kwa kukata tamaa.

Leo mwanamke alikuwa ananunua koti la mvua na buti. Nilitaka kujua kama mwanamume atajitolea kulipia japo buti. Hakujitolea! Mwanamke kalipa yote, dola hamsini na nne baada ya punguzo, nikajaza jibu kwa hasira. Baadaye mwanamume hawezi kuja kwenye onyesho la kwanza la michoro ya mwanamke. Ana kazi? Hana. Mgonjwa? Si mgonjwa. Anampeleka dada yake uwanja wa ndege. Angalau! Nikajaza. Mpaka mwisho nilikuwa nimemfahamu vizuri yule mwanamke, na nina wasiwasi naye.

Sehemu ya kusoma nilimaliza mapema, dakika nane kabla. Wakati huo watu wenye akili hunakili majibu yao nyuma ya kadi ya mtihani, ili jioni wajisahihishe yakitangazwa. Mimi nilianza kuandika nyuma ya kadi jinsi mwanamke alivyopachika michoro yake peke yake, amevaa lile koti la mvua.

Jioni kila mtu anajisahihisha. Ran-hui, 96. Mama akaniuliza nimepata ngapi. Nikageuza kadi. Mistari ishirini na mbili ya hadithi. Jibu hata moja hakuna.

Mama akaisoma yote, amesimama, upawa mkononi. Akauliza, halafu yule mwanamume alikuja?

Hatujui kama nimepata 80. Hatutajua mpaka Desemba. Mzee Gi amesema hadithi ni nzuri. Haisaidii.

Ijumaa, 5 Desemba

Karatasi za matokeo zimegawiwa saa tatu. Kiingereza hawaandiki alama, wanaandika daraja tu. Nilifunika kwa kidole gumba. Nikakivuta polepole. Nikaona tarakimu.

Mbili.

Mbili! Busan! Ukutubi! Nilipiga ukelele, mimi, ambaye miaka mitatu sijawahi hata kuomba dirisha lifungwe. Ran-hui, daraja la kwanza, alinikumbatia na kuniambia ile peari ilimwokoa. Mama aliposikia kwenye simu alidondosha kitu kikubwa, na kwa mara ya kwanza akakiri kwamba kimeanguka.

Mwalimu Do aliniita pembeni. Akasema anadhani safari hii niliwasikiliza wale watu badala ya kupigana nao, na kwamba niendelee hivyo hivyo.

Nilimshukuru kwa heshima zote. Maskini, hajui. Nimelichambua jambo hili kwa makini na sababu iko wazi: ndege. Siku nne za ngurumo zilijikusanya masikioni na kunitumikia siku ya tano. Nimewaandikia wadogo wa kidato cha pili mwongozo wa kurasa kumi na moja, una michoro ya paa. Wawili wameshapanda leo. Mmoja ameshapata mafua.

Sasa kila mtu wa kidato chetu anakimbilia leseni ya udereva. Mtihani wa maandishi ni Jumatatu, maswali arobaini, alama mia. Ran-hui ameniambia kwamba hakuna ujanja, ni kukisoma kile kitabu cha maswali na kwenda. Kusoma kitabu! Kuna watu wanaishi bila mpango wowote.

Tangu asubuhi najibu maswali nikiwa nimekandamiza tofali kwa mguu wa kulia, ili ubongo uzoee breki. Nimepata 38 kati ya 100. Mguu umekufa ganzi mpaka gotini.

Dalili nzuri.