Pampu Iliyolala Juu ya Utando

Jumatatu, 9 Juni 2025
Daktari Nyanchoka, mwalimu wetu hapa chuoni Kisii, ametupa kazi. Kila mmoja atabiri kwa kompyuta umbo la protini moja ya bakteria wanaonyausha migomba. Ni pampu iliyochomekwa kwenye utando wa seli, inayotema nje dawa za kuwaua. Atakayeshinda ataandika ripoti ya mkutano. Atakayeshindwa atarudia mwaka. Mpinzani wangu ni Tryphosa Ojwang. Husoma maelekezo yote! Mimi nimeingiza herufi za protini, yaani mfuatano wa viungo vyake, umbo limekuja kabla ya chakula cha mchana. Asante Mungu. Ila karibu lote ni rangi ya machungwa. Buluu ni uhakika. Machungwa, kompyuta inakisia tu.

Jumatano, 11 Juni
Nimelipaka lote buluu. Dakika nne. Tryphosa kauliza kama nimeangalia linavyokaa kwenye utando. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimeangalia. Nimechora mistari miwili palipobaki nafasi, nikaandika "utando". Namshukuru kwa kunikumbusha.

Ijumaa, 13 Juni
Aibu. Daktari kageuza picha yangu mara mbili, akasema pampu haijapenya utando, imelala juu yake kama fundi aliyesinzia juu ya paa. Darasa likacheka. Kisha akauliza polepole, "Jasper, hii buluu ni ya kompyuta au ni yako?"
Nikasema ni yangu. Nikajiona narudi nyumbani Magwagwa.
Tryphosa akasimama. "Daktari, herufi zake ni bora kuliko zangu. Mimi nilizitoa mtandaoni. Yeye alizipata kwa bakteria wa mgomba wa mama yake uliokufa. Ila ameingiza pampu moja, na hizi hukaa tatu tatu."
Nimepewa hadi Jumatatu.

Jumapili, 15 Juni
Tumeshinda maabarani kutwa, mimi na Tryphosa. Tumeingiza tatu. Buluu imekuja yenyewe. Zimesimama wima, sehemu zinazochukia maji zimezama ndani ya mafuta ya utando. Nimempigia mama simu kumwambia mgomba wake umefanya kazi kubwa. Akauliza kama utazaa tena.

Jumatatu, 16 Juni
Daktari ameridhika. Amesema tuandike ripoti pamoja. Nimemshukuru Tryphosa mara tatu, na kwa moyo wote. Ameniachia ukurasa wa kwanza, wa majina yetu, eti sasa ananiamini. Kialfabeti, Ojwang wake hutangulia Onyiego wangu. Kwa hivyo nimepanga kwa majina ya kwanza: Jasper, halafu Tryphosa. Shukrani zake nimeziweka ukurasa wa mwisho, kwa herufi nzito.