Bonde la Elfu Moja na Mia Saba

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa maabara ametuita, mimi na mwenzangu tunayemwita Miwani. Katupa kila mmoja kichupa cha kimiminika kisicho na rangi. Kimetoka kwenye pipa lililobanduka lebo stoo. Kiwanda chetu kinatengeneza vitakasa mikono, na pipa hilo linasubiriwa. Akasema likiwa na methanoli ni sumu, na ngozi za watu si za kuchezea. Atakayetambua kilichomo kufikia Ijumaa, kwa ushahidi, atakabidhiwa mashine ya infraredi. Nimeosha vyombo hapa miaka sita. Miwani ana mwaka mmoja, koti lake bado jeupe. Mashine ni yangu. Nimeshamwambia mke wangu, naye kamwambia mama yake. Sasa siwezi kurudi nyuma.

Jumanne, 5 Machi
Mkakati: kuwahi. Nikapangusa kioo cha mashine kwa asetoni, kile kimiminika chetu cha kusafishia, hapo hapo nikadondosha tone langu, nikabonyeza. Kazi yenyewe ni hivi: mashine inalimulika tone kwa mwanga usioonekana, kila kilichomo kinameza sehemu yake ya mwanga, na palipomezwa grafu inatumbukia bonde. Ukisoma namba ya bonde unajua ndani kuna nini. Nimepata bonde pana kwenye elfu tatu na mia tatu, dalili ya alkoholi. Pia bonde kali kwenye elfu moja na mia saba, ambalo alkoholi haina. Nikaenda msalani, nikarudi, nikalipima tone lile lile. Bonde la pili limekonda. Nikapangusa tena kwa asetoni, nikaweka tone jipya. Limenenepa. Sielewi. Nadhani mashine inachoka.

Jumatano, 6 Machi
Miwani alipokwenda kula, nimechukua grafu yake kwenye printa na kuificha ndani ya shati. Nyumbani nimeikodolea macho nusu saa. Milima mitupu. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa chekechea, akauliza mbona namba zimesimama kichwa chini. Nikaigeuza. Bonde pana lipo. La elfu moja na mia saba halipo kabisa. Pipa moja, karatasi mbili zisizofanana. Kichwa kinaniuma. Mke wangu akasema huenda Miwani ndiye aliyepatia. Nikamweleza kwamba chekechea ni chekechea na maabara ni maabara. Akazima taa, nikabaki na karatasi gizani.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeelewa. Mimi ninalo bonde, Miwani hana, kwa hiyo amelikosa. Nimeirudisha karatasi yake nikimwonea huruma kidogo. Kitabu kinasema mabonde yangu mawili kwa pamoja ni asidi. Asidi gani? Ya kwanza kwenye orodha ni ya siki. Inatosha. Nikanusa kichupa. Hakinuki siki hata chembe. Lazima nina mafua.

Ijumaa, 8 Machi
"Siki," nikasema.

Mkuu akafungua kichupa, akanisogezea puani, akangoja. Kisha akauliza kioo nakipangusa kwa kitu gani. Nikasema asetoni, kama kila mtu. Akauliza nasubiri muda gani kikauke. Nikamuuliza kusubiri nini.

Miwani akatazama viatu vyake.

"Bonde hilo ni la asetoni yako," Mkuu akasema. "Umepima ulichopangusia. Na siku ukiniambia sumu si sumu, nani atawajibu watu?"

Pipa ni la isopropanoli, alkoholi ya kutakasia mikono. Miwani alilinganisha grafu yake na ya chupa yenye lebo, bonde kwa bonde. Mashine kapewa yeye. Nimeosha bilauri za maabara kumi na nne bila kuinua kichwa.

Nyumbani nimemkuta mama mkwe. Alikuja kunipongeza. Alivyofurahi, sikuweza kumkatiza. Nimepongezwa mpaka mwisho.

Jumamosi, 9 Machi
Miwani kapiga simu, akasema nikipenda atanifundisha mashine, Mkuu asijue. Nimekwenda. Saa nzima kanieleza polepole: kausha kioo, kipime kikiwa kitupu, ndipo uweke tone, kisha linganisha. Ni mtu mwema, nakiri. Akauliza kama nimeelewa. Nikasema sana. Kwa kweli sikusikia hata neno moja. Nilikuwa naangalia anakoweka ufunguo wa droo ya grafu zake.

Mfuko wa kushoto wa koti.