Kelele ya Bungulu na Mipaka Yake

Urbain alikuwa amekaa mbele ya duka la shemeji yake mjini Butembo, akichaji simu kwa umeme wa watu, siku alipogundua kwamba huko Ulaya kuna bwana anayeuza mlio wa friji. Hakuuza friji. Aliuza mlio wake. Friji yenyewe ilikuwa kuukuu, inakoroma kama mgonjwa wa kifua, na yule bwana alikuwa ameirekodi, akaichanganya na milango inayofungwa na mabomba yanayovuja, akatia vyote katika folda moja na kuiita maktaba ya sauti. Watu wanaotengeneza muziki wa kompyuta, ule wa kuchezwa lakini usiojulikana unaelekea wapi, walikuwa wakimlipa dola arobaini kila mmoja.

Urbain aliisikiliza friji ile mara tatu. Kisha akainua kichwa akaisikiliza Butembo: pikipiki zinapanda mlima kwa gia ya kwanza, mafundi wanagonga mabati, majenereta yanakohoa, madereva wa malori ya Kirumba wanatukanana kwa honi. Mali yote hiyo ilikuwa inamwagika barabarani, hakuna wa kuikinga.

Tumtendee haki: kwanza alijaribu uaminifu. Aliujaribu siku tatu nzima. Aliweka milio yake kwenye mtandao, na mteja aliyejitokeza alikuwa mmoja tu, aliyeuliza kama ana kahawa pia. Siku ya nne Urbain akarudi kwenye kazi aliyoizoea, yaani kuwauzia watu wenye haraka vitu visivyokuwepo.

Lakini msimdhanie kuwa hakuwa na moyo. Alikuwa na ndoto moja ya kweli kabisa: studio. Tangu ujana alitaka kutengeneza muziki, na alikuwa ameutengeneza kiasi, ila kila alipoupiga watu walimwomba kwa heshima auzime. Aliamini kilichokosekana ni chumba. Na chumba alikipata, ghorofani, kina mlango wa kioo. Mwenye nyumba alimpa hadi mwisho wa mwezi alete garantie, yaani kodi ya awali ya miezi sita, la sivyo chumba kitachukuliwa na muuza nywele za bandia. Urbain aliwaza jina lake juu ya kioo kile, akakosa usingizi.

Akaanza na mfanyabiashara mmoja hapo Butembo, akamuuzia mlio wa geti la duka la mshindani wake. Yule bwana alifurahi mno. Kila asubuhi mshindani alipofungua duka, yeye alitabasamu barazani kama mwenye nyumba anayesikia mpangaji akiamka. Baada ya hapo Urbain aliuza honi mbili na kengele moja ya baiskeli. Wanunuzi walipoanza kuuliza faida itaingia lini, akapanda pikipiki yake, akashuka Beni kungoja wapoe.

Huko Beni alimkuta Ilunga, ambaye watu walimwita chef, yaani mkubwa. Huyu alikuwa mtumishi wa serikali aliyeletwa kutoka Lubumbashi, na kazi yake ilikuwa kupima viwanja vya watu. Alikuwa amepima miaka mitano bila kupata hata kimoja cha kwake, maana kila mwenye ardhi aliposikia lafudhi yake ya Katanga alitabasamu kwa upole na kuongeza bei. Mtu anayetamani kiwanja namna ile huonekana kwa mbali, na Urbain alikuwa na macho mazuri.

Alimpeleka Bungulu, mtaa wa hapohapo Beni, kwenye mashine ya kusaga mihogo ya Mama Germaine. Mashine hiyo ilikuwa na beringi iliyokwisha. Ilikuwa inalia, inanguruma, halafu inatoa mlio mwembamba wa kusikitisha, kisha inaanza upya. Urbain akasimama mbele yake kama mtu aliyeingia kanisani.

"Chef, sauti iko sawa pori," alisema. "Mutu wa kwanza kuikata njo mwenyewe. Hii moulin inalia tangu miaka kumi na nane, na hakuna mutu alishaikata. Mimi njo niliikamata wa kwanza, na hii telephone. Kila DJ wa Ulaya akiitumia, analipa mwenye parcelle, mwenye kiwanja."

Ilunga alikuwa mtu wa vipimo. Aliuliza swali ambalo lingemkwamisha tapeli mdogo.

"Na inaishia wapi?"

"Inaishia pale sikio inachoka," alijibu Urbain.

Jumamosi wakaipima. Ilunga alikuja na kamba yake ya kupimia na daftari. Walitembea kutoka kwenye mashine wakielekea kaskazini, kila hatua kumi wanasimama, Ilunga anakinga sikio kwa kiganja, hadi asiposikia kitu. Hapo wakapanda majani ya mpaka, kama inavyofanywa kwa shamba lolote la heshima. Upande wa mashariki upepo uliwasaidia, Ilunga akapata mita kumi na moja zaidi. Aliuliza kwa wasiwasi kama upepo unahesabiwa. Urbain akamhakikishia kwamba upepo ni zawadi ya muuzaji.

Ikabaki kazi ya majirani. Pande hizi kiwanja hakiuzwi kama jozi ya soksi. Majirani wa pande nne huitwa, hutia saini, hunywa kasiksi ya ndizi, na kuanzia siku hiyo wanakuwa ukuta: aliyetia saini kwa mnunuzi mmoja hamtilii mwingine, hata apewe ng'ombe, mpaka yule wa kwanza asimame mbele yao aseme ameachia. Urbain alikuwa hajali karatasi kwa kawaida, lakini Ilunga asingetoa hata faranga bila saini nne. Kwa hiyo walikuja: mshonaji wa upande wa juu, katekista wa upande wa chini, fundi mitambo Éliakim, na Mama Germaine mwenyewe, ambaye kwa hesabu ya siku ile alikuwa jirani wa kelele yake mwenyewe. Urbain akapiga muhuri aliouchonga kwenye soli ya kandambili. Pombe ya ndizi ikanywewa hadi tone la mwisho.

Mama Germaine alitia saini bila kubisha. Alitaka tu kujua hiyo kelele inageukaje kuwa muziki. Urbain hakuweza kujizuia. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Alikaa naye nusu saa, akamwonyesha kwenye simu namna ya kuikata sauti, kuirudia, kuivuta iwe nzito, kuipandisha juu ya nyingine. Mama alitazama, kope zake zimejaa unga, akawa anauliza: na ukiikata hapa? Na ukiacha kidogo, halafu unarudisha? Urbain alimwambia kwa upole kwamba hayo ni mambo ya sanaa na huchukua miaka. Kisha, ili Ilunga aridhike, aliweka sekunde nane za ile mashine kwenye mtandao, akachukua pesa, akarudi Butembo.

Habari zilimfuata. Ilunga sasa alikuwa akija kila asubuhi kabla ya kazi kukagua mali yake. Alisimama katikati ya uwanja, amefumba macho, miguu imeachana, kama bwana shamba anayenusa mvua. Kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi ndani ya mipaka yake iliombwa ipeleke barua ya kuomba ruhusa. Muuza mbuzi aliambiwa ahame kwa sababu mbuzi wake wanachafua sauti. Na Éliakim alipokuja na beringi mpya begani, Ilunga alijitandaza mbele ya mashine akasema: "Ukigusa ile roulement, unavunja parcelle yangu."

Beringi haikubadilishwa. Unga ukawa mnene kama mchanga wa mtoni, wateja wa Mama Germaine wakaanza kupeleka mihogo yao kwingine. Urbain aliposimuliwa hayo na abiria aliyetoka Beni, alicheka hadi akalazimika kukaa chini.

Wiki mbili baadaye simu yake ililia. Ilikuwa namba ya Uganda. Mwanamke kijana, Kifaransa chake kimenyooka, alijitambulisha kuwa anafanya kazi na nyumba ya muziki ya Kampala. Walikuwa wamezisikia zile sekunde nane. Msanii wao mmoja alikuwa tayari amezijaribu, na mwanamke huyo angemtumia Urbain wimbo ausikilize. Walitaka sauti nzima ya mashine ile iwe yao peke yao, kwa dola elfu tatu. Mjumbe wao angekuwa Bungulu Ijumaa saa nne asubuhi. Sharti lilikuwa moja: karatasi iwe halali, na majirani wote wanne wakipigiwa simu wakubali kwamba muuzaji ni Urbain.

Elfu tatu zilimshtua. Lakini kilichomwangusha ni wimbo. Alivaa vidude vya masikioni bila matumaini, na mashine ya Bungulu ikaanza kutembea. Ilinguruma polepole, ikasita, ikaacha shimo la kimya pale mtu alipotarajia kishindo, halafu ule mlio mwembamba ukaingia kutoka nyuma, ukajirudia, ukajikunja, mpaka miguu ya Urbain ikaanza kucheza bila ruhusa yake. Huo ndio muziki aliokuwa akiutafuta miaka kumi na tano. Urbain, aliyewaliza wengi, alilia mbele ya duka la shemeji yake, na hakuona aibu.

Alipanda pikipiki siku ileile. Kwanza alikwenda kwa Mama Germaine na karatasi mpya, jina la Ilunga likiwa halimo.

"Mi nilishasign ya chef Ilunga," alisema mama, akipepeta unga. "Batu habasign mara mbili parcelle moja. Akuje aseme anaachia, donc ninasign."

Wengine watatu walimjibu vivyo hivyo, katekista akiongeza maneno machache juu ya dhamiri. Ikabidi aende kwa Ilunga. Alimwendea kwa kuzunguka, akamwambia kwamba soko la sauti limeanguka na kwamba yeye, kwa huruma tu, angependa kumrudishia pesa zake. Ilunga akatikisa kichwa.

"Mi hapana uzisha," alisema. "Nilishaizoea."

Urbain akapandisha. Ilunga akaeleza jinsi mlio ule unavyomkumbusha marehemu mama yake. Urbain akapandisha tena. Kufika jioni alikuwa ameahidi pesa zote za studio, kila alichopata kwa geti, honi na kengele, na Ilunga bado alikuwa anatazama dirishani kwa huzuni. Alikuwa anaitazama pikipiki. Urbain akapiga hesabu ya elfu tatu, akaweka ufunguo mezani.

Alhamisi majirani waliitwa upya. Ilunga alisimama mbele yao, kofia mkononi, akasema: "Naachia." Wakatia saini. Kasiksi ilinunuliwa na Urbain.

Ijumaa alikwenda kwa miguu. Alipofika kwenye majani ya mpaka alisimama kusikiliza, hakusikia kitu, akaulaumu upepo. Alipofika kwa mshonaji hakusikia kitu pia. Akaharakisha. Uwanjani kwa Mama Germaine wateja walikuwa wamejipanga hadi barabarani, na mashine ilikuwa inasaga kwa adabu, sauti yake ya chini na laini kama ya masista wanaposali. Unga ulikuwa mweupe, mororo. Éliakim alikuwa anapangusa mikono. Ilunga alikuwa kando, ameegemea pikipiki, amevaa kofia ya chuma iliyokuwa ya Urbain.

"Mujumbe wa Kampala eko wapi?" aliuliza Urbain.

"Kule kuna mutoto wangu tu, Shekinah," alisema Mama Germaine. "Eko anasoma université. Njo yeye alikupigia simu."

Alimweleza yaliyobaki bila kujisifu. Wateja walipoanza kumkimbia alimketisha Ilunga, akamuuliza ameshapata faranga ngapi kutoka kwa hao DJ wa Ulaya. Ilunga alihesabu, hakupata hata moja, na hapo wakapanga pamoja ile simu ya Kampala. Sasa alikuwa amerudishiwa pesa zake na pikipiki juu. Zilizobaki katika pesa za studio zililipia beringi na kufidia mihogo iliyokwenda kwingine. Urbain alikuwa na karatasi halali, yenye saini nne, ya kelele ambayo haikuwepo tena duniani.

Alifungua mdomo kutaja polisi. Akakumbuka muhuri wake umechongwa kwenye nini, akaufunga.

Chumba kule Butembo kilikuwa kimekwenda, na Urbain alilijua hilo aliposimama pale. Lakini swali lililomtoka lilikuwa jingine.

"Mama, na ile muziki? Nani aliifanya?"

"Njo mimi."

Urbain alimtazama, unga kwenye kope, kitambaa kichwani, beseni mkononi.

"Ulinionyesha vile banakataka," alisema Mama Germaine. "Nilikuwa nafanya wakati bateja banangoja. Miaka kumi na nane niko naisikia ile machine, najua fasi inakamataka pumuzi. Weye uliikamata, lakini haukuisikiliza."

Pesa zilimuuma, pikipiki ilimuuma, lakini neno hilo lilimuuma zaidi. Aliomba ausikie wimbo tena. Mama akampa simu. Urbain akakaa chini ukutani akausikiliza wote, polepole, akaurudia, huku watu wakimruka kupita na mabeseni yao. Ulipokwisha aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, lile shimo la kimya pale katikati alilipataje.

Mama Germaine aligeuka akatazama foleni.

"Beba kwanza gunia ya mama Adèle," alisema. "Kisha nitakuambia."

Gunia lilikuwa zito. Urbain akaliinua.