Kilele cha Saba Bila Njia

Jumatano, 6 Agosti 1958

Vilele sita! Mimi, Kimeu, karani wa shamba la mkonge hapa Gatuanyaga, nimepanda vilima sita bila kukanyaga njia. Sheria yetu ndiyo hiyo: ukifuata njia, hata ya mbuzi, kilele hakihesabiwi. Ushahidi ni jiwe la kutoka kileleni. Kagwe, mchonga mawe wa Ruiru, naye ana sita. Atakayefikisha saba kwanza ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha kupanda vilima. Mwenzake atambebea chakula mlimani mwaka mzima. Chama kina wanachama wawili. Si hoja. Cha saba ni Kilimambogo.

Alhamisi, 7 Agosti

Barua ya Kagwe. Amepata kibali cha kutoka Ruiru aje tupande pamoja, Jumapili tu, na saa kumi na mbili jioni awe amerudi. Wakikuyu hawatembei bila karatasi siku hizi. Mimi Mkamba naenda nipendako. Basi nitapanda Jumamosi peke yangu, Jumapili nimpokee kama mwenyekiti! Niliona aibu. Kidogo. Ikapita kabla ya chai.

Jumamosi, 9 Agosti

Balaa. Nilikata katikati ya mkonge ili nifupishe safari. Miaka tisa nahesabu matita ya mkonge mezani, sikuwahi kuingia shambani kwenyewe. Kumbe mistari yote ni sawasawa! Saa tatu nzima nazunguka, miiba inanidunga matako. Nikatokea wapi? Nyuma ya ofisi yangu. Nyapara Nzau akauliza kama nimekuja kufanya kazi ya ziada. Nikasema ndiyo, ningesema nini? Akanipa kazi ya ziada.

Jioni nikashuka hadi mto Athi, nikaokota jiwe zuri, jeusi, laini. Mke wangu Nduku akaniuliza, ala, Baba Mbula, mlima umehamia mtoni? Nikamwambia haya ni mambo ya chama. Alicheka mpaka akaketi chini.

Jumapili, 10 Agosti

Kagwe alifika asubuhi mapema kwa baiskeli. Amekonda. Koti ni lile lile. Tangu Hali ya Hatari ianze hatujapanda pamoja, na nilipomwona nilifurahi mpaka nikasahau kujivuna. Halafu nikakumbuka, nikampa jiwe. Aliligonga kwa nyundo yake mara moja tu. Akasema jiwe hili limeoga sana, mawe ya juu yana kona. Nilitamani ardhi inimeze! Hakunigombeza. Alisema twende, karatasi yake ina saa.

Tulipanda upande wa msitu. Njia hakuna, upupu mtupu. Tukakuta mavi ya mbogo, bado yanatoa mvuke. Nikakimbilia mti. Kagwe alikuwa juu yake tayari.

Saa saba mchana kilele tukakiona, nusu saa tu mbele yetu. Kagwe akatazama jua. Akasema yeye anarudi, akichelewa askari watamfunga, lakini mimi niendelee, niwe mwenyekiti, atanibebea chakula bila kinyongo.

Nusu saa tu! Nilitazama juu. Nikatazama mgongo wake ukishuka peke yake kwenye upupu. Nikapiga kelele kwamba goti linaniuma. Tukashuka pamoja. Alinishika mkono njia nzima, na alijua vizuri kwamba goti halina neno. Nampenda sana mtu huyu.

Jumatatu, 11 Agosti

Bado sita kwa sita. Haiwezekani kuendelea hivi! Nimewaza siku nzima kazini, nimepata. Kwa kina Nduku, kule Mua, kuna kilima ambacho Kagwe hajawahi kukisikia. Nitakipanda kimya kimya, niwe mwenyekiti kabla hajajua lolote. Shida ni moja: sijui pa kupandia pasipo na njia, na kwa kuusoma mlima Kagwe ananizidi mbali. Basi leo nimemwandikia aombe kibali cha siku mbili, aje anionyeshe. Nimemsihi asimwambie mtu yeyote.