Utulivu wa Kuniyasu

Katika mji mzima wa Sakai hakuna mtu aliyetulia kama rafiki yangu Kuniyasu! Si maneno yangu, ni yake mwenyewe, na aliyatangaza barabarani kwa sauti kubwa hivi kwamba mama anayekaanga vimandazi vya pweza alitoka mbio kuuliza nani kagongwa na gari.

"Mimi sasa ni ziwa!" Kuniyasu akamwambia. "Nitupie jiwe uone, sitikisiki!"

"Ziwa gani linapayuka hivyo?" mama akamjibu, akarudi kwa pweza wake.

Chanzo cha utulivu huo ni gemu la kupigana, lile la kwenye skrini. Vidole Kuniyasu anavyo, hilo namkubali, vidole vya kumnyoa sisimizi ndevu. Kasoro yake ni kichwa. Mtu akikohoa nyuma yake, keshageuka. Mechi ngapi kapoteza kwa sababu kuna aliyepita na bakuli la tambi!

Na safari hii ilikuwa fainali ya kanda. Baba yake, Mzee Tatsumoto mtengeneza tofu, ile jibini ya soya, alishachoka naye.

"Ukishinda, nenda Tokyo kacheze, mimi nitaajiri mtu," alimwambia. "Ukishindwa, unavaa aproni. Saa kumi alfajiri uko kwenye pipa la soya, na magemu basi!"

Saa kumi alfajiri! Mtu ambaye saa nne asubuhi bado anakoroma! Kuniyasu alikonda kwa hofu, na ndipo alipokimbilia kwa Mwalimu Orito.

Mwalimu Orito ni bibi wa karate. Kimo chake kinaishia kwenye kiwiko changu, lakini akiingia chumbani hata feni inapunguza mwendo.

"Mwalimu, ngumi na mateke wape wengine," Kuniyasu akamwambia. "Mimi nipe ile ya kufumba macho tu."

"Tu?"

"Tu, Mwalimu."

Haya, akapewa! Miezi kadhaa bwana mkubwa alikalia visigino vyake juu ya mbao, macho kafumba, miguu imekufa ganzi. Akijikuna, fimbo ya mwanzi inagonga sakafu karibu na sikio lake, paa! Akisinzia, paa! Na juu ya hayo kulikuwa na heshima ya dojo, yaani ukumbi wa karate: Mwalimu akitokea mlangoni, wote chini, paji la uso mpaka sakafuni, hata kama chafya iko njiani. Wala huinuki mpaka naye akurudishie.

"Mwili utii kabla akili haijauliza," bibi alikuwa akisema. "Utulivu ndio huo."

Sasa mimi nilidhani ni porojo. Nikamjaribu. Alipokuwa anacheza nikamfyonzea tambi sikioni, nikapiga chafya, nikamwambia mama yake kaja. Hakupepesa jicho. Nikaduwaa.

Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kuniyasu akaanza kutembea kwa hatua za mtawa. Akipuliza chai, anapuliza kwa macho yaliyofumba. Akawa ananiita "mwanangu", na mimi nimemzidi umri!

"Mwanangu," aliniambia, "nimemwalika Mwalimu fainali. Aje aone matunda yake."

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa pomoni. Mpinzani alikuwa Nagisa, msusi kutoka Kobe, mdomo wake redio. Mwamuzi akatukumbusha sheria: atakayegusa kitufe cha kusimamisha gemu katikati ya raundi, raundi hiyo ameipoteza. Hakuna cha samahani.

Mwalimu Orito alikuwa bado hajafika, treni imechelewa. Kuniyasu akafumba macho, akavuta pumzi.

"Kaka, umelala au umekata roho?" Nagisa akamchokoza. "Nikuitie daktari au nikusuke kabisa, uzikwe ukiwa nadhifu?"

Kuniyasu akavuta pumzi nyingine.

Wakapigana. Nagisa kashinda raundi, Kuniyasu kashinda raundi, ikabaki ya mwisho. Nagisa akaimba, akapiga mluzi, akamwambia zipu yake iko wazi. Na ilikuwa wazi kweli! Kuniyasu wala hakutazama chini. Akampiga, akampiga tena, mpaka mtu wa Nagisa akabakiwa na pumzi ya pigo moja tu. Moja! Watu wakasimama. Mzee Tatsumoto, aliyekuja na mabuti yake ya mpira, akashika kichwa kwa mikono miwili. Machozi yalinilenga, sifichi.

Hapo mlango wa kando ya jukwaa ukafunguliwa. Mwalimu Orito huyo, na mwavuli wake!

Kuniyasu akainama.

Akili haikushirikishwa kabisa. Kiuno kilikunjika chenyewe, shingo ikafuata, na paji la uso likatua juu ya kibao cha vitufe, puu! Skrini ikaganda. Kitufe alichokilalia kila mtu alikijua.

Mwamuzi akainua bendera ya upande wa Nagisa.

"Nimeshinda?" Nagisa akauliza, kwa mara ya kwanza akinong'ona. "Hivi nimeshinda kwa adabu zake?"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko, na Kuniyasu bado kalala juu ya vitufe, maana hajarudishiwa heshima. Mwalimu alipanda jukwaani taratibu, akamzunguka, akamkagua kama anayenunua samaki.

"Mgongo umenyooka," akasema. "Umeiva." Ndipo naye akainama.

Kuniyasu akainuka, alama ya kitufe imemkaa katikati ya paji. "Baba," akaanza, "naomba unielewe..."

Mzee Tatsumoto hakuwa na habari naye. Alikuwa amemkodolea macho Mwalimu Orito.

"Huyu nimemzaa mimi," akasema, "na hajawahi kuniinamia hata siku moja! Samahani, Mwalimu, saa kumi alfajiri huwa umeshaamka?"

"Tangu saa tisa."

"Basi uwe unapita dukani kwangu, tofu ni bure. Wala usijisumbue kusema neno. Wewe ingia tu."