Siku Kumi za Kuelekea Nyota ya Jirani

Jumatano, 5 Machi

Miaka arobaini na moja na miezi miwili tangu niondoke kwetu. Nimehesabu tena asubuhi, kwa sababu binti yangu ametangaza kwamba tunarudi. Yeye na mkwe wangu wamepata kazi huko. Mimi nimo kwenye orodha ya vitu vya kubeba, kati ya pasi na mapazia. Nikamkumbusha kwamba hajawahi kufika huko hata siku moja. Kazaliwa hapa, kasomea hapa, na akiota huota kwa lugha ya hapa. Mtu anarudije mahali ambapo hajawahi kwenda? Akasema, baba, usianze.

Nikaanza.

Jioni akaja Injinia, jirani wa ghorofa ya chini, mstaafu wa pampu za maji na adui yangu wa drafti. Nikalichokoza lile suala tunaloligombania tangu mwaka jana: je, binadamu anaweza kusafiri hadi nyota nyingine? Injinia anasema ni ndoto. Mwanga wenyewe, usiosimama popote kunywa maji, huchukua miaka minne na zaidi kutoka nyota iliyo jirani. Kwa vyombo tulivyo navyo, ni zaidi ya miaka elfu sabini. Nikamjibu kwamba shida si injini. Wataondoka watu, watazaa njiani, watafia njiani, na watakaofika watakuwa wengine kabisa. Shida ni mtoto aliyezaliwa ndani ya chombo anayetaka kukigeuza kirudi kilikotoka.

Nikamtazama binti yangu. Alikuwa anakunja mashuka.

Injinia akacheka mpaka akakohoa. Akasema, Fundi, wewe siku mbili tu chumbani utaita watu wakuletee chai. Hapo hapo wazo likanijia, zima, kama lilikuwa limesimama mlangoni.

Masharti: siku kumi ndani ya stoo, pamoja na shemeji yangu, bila kumwomba mtu chochote. Nikishinda, nabaki hapa na shemeji, wao waende salama. Nikishindwa, napanda ndege bila neno. Binti akakubali upesi mno. Anadhani kesho nitatoka.

Alhamisi, 6 Machi

Tumeondoka saa sita kamili mchana. Nahodha: mimi, fundi saa kwa miaka hamsini. Abiria: shemeji, ndugu wa marehemu mke wangu, ambaye ukoo mzima humwita Redio kwa kuwa hana swichi ya kumzima. Nimemchukua kwa sababu chombo kinahitaji jamii. Pia wengine walikataa.

Stoo ni hatua sita kwa nne. Haina dirisha. Ina taa moja na choo pembeni. Injinia alilalamika kwamba njia ya nyota haina choo cha kuvuta. Nikamwambia choo hakikuwemo kwenye mjadala. Simu tumeacha nje. Marufuku kwa mtu yeyote kubisha, kuita au kutaja saa.

Wakati tunaupima kwa saa yangu ya ukutani, ya pendulamu, niliyoiunda mwenyewe. Mshale mfupi ukizunguka mara mbili, nachora mstari ukutani. Maharage ya kopo, mikate mikavu, jamu. Milo mitatu kwa siku, kwa saa, si kwa njaa.

Ijumaa, 7 Machi

Redio kauliza tumefika wapi. Nikamwambia bado hatujaipita hata sayari ya jirani. Akashangaa, maana sisi si tumeondoka jana.

Anamaliza sahani yake, kisha anaiangalia yangu kama mtu anayesubiri basi.

Nimepata mpango ndani ya mpango. Alipokuwa chooni nimerefusha fimbo ya pendulamu. Fimbo ikirefuka, saa huenda polepole. Sasa kila siku yetu itakuwa na saa ishirini na sita za kweli. Tutatoka karibu siku moja baadaye kuliko tulivyoahidi, tumeshiba, huku tukijifanya hatujui. Karibu siku kumi na moja kwa chakula cha siku kumi. Injinia atalala kitandani wiki nzima kwa fedheha.

Jumapili, 9 Machi

Ugomvi mkubwa. Redio anasema mlango wa nyumba ya baba mkwe, kule tulikotoka, ulikuwa wa kijani. Ulikuwa wa buluu. Nilisimama mbele yake na posa mkononi, nitausahau vipi? Yeye anasema alizaliwa nyuma ya mlango huo. Tumebishana kutoka mlo hadi mlo. Kisha tukaacha, maana tuligundua kwamba wa kuamua alikuwa mmoja, na huyo tumemzika hapa.

Nimeandika kwenye ripoti: baada ya muda fulani, abiria hawana tena mtu wa kumuuliza.

Jumatatu, 10 Machi

Jambo la ajabu. Usiku umekuwa mfupi. Nalala, naamka, saa inasema asubuhi, mwili unasema mwongo. Ndiyo athari ya safari ndefu kwa mzee, na ni mimi wa kwanza kuiandika. Injinia hana takwimu kama hizi.

Redio yeye kanawiri. Nikifungua macho namkuta kashakaa, kijiko mkononi.

Jumatano, 12 Machi

Saa kumi alfajiri nikasikia vitunguu vinakaangwa na Injinia anacheka sebuleni. Alfajiri yote hiyo! Hawalali kwa kutuhofia. Nikamwambia Redio hawa watu wanatupenda kuliko wanavyoonyesha. Akasema inawezekana, akageukia ukuta.

Jumapili, 16 Machi

Hapana. Ijumaa, 14 Machi. Nitaeleza.

Mistari kumi ilipotimia nilinyoa ndevu, nikavaa koti, nikafungua mlango. Kwanza niliona jua limekaa upande wa jikoni, na saa sita mchana jua halikai upande wa jikoni. Binti alikuwa anapiga pasi. Injinia alikuwa kwenye kiti changu. Nikatangaza kwamba tumefika.

Injinia akaangalia saa ya mkononi. Akasema, karibuni sana, Fundi, ila leo ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Mmebakiza siku mbili. Nikamwambia saa ile nimeiunda mimi. Akasema ndiyo maana.

Nikamgeukia Redio. Alikuwa kashafunua sufuria. Akasema, bila hata kuona haya, kwamba chakula kilikuwa kwa saa na njaa yake haikuwa kwa saa, basi kila nilipolala aliisukuma mishale mbele kidogo. Kila nilipolala? Kidogo tu, shemeji, na wewe unalala sana.

Nilisimama pale pale. Nilishaiona tiketi, mkanda wa kiti, na mimi nimefungwa humo kama kifurushi.

Kisha nikaelewa. Safari ya siku kumi tumeimaliza kwa siku nane. Tumefika mapema. Nikamuuliza Injinia ni chombo gani, katika historia yote ya vyombo, kimewahi kuongeza kasi kiasi hicho bila injini. Akainuka kwenye kiti changu. Nitakula kumbukumbu hiyo mpaka nife.

Binti akazima pasi. Akaniuliza kama ni kweli nimelala sakafuni siku nane, na Mjomba, na maharage, pasipo dirisha, ili mradi nisipande ndege. Nikasema nilifanya kwa ajili ya sayansi. Akasema, umeshindwa, baba, na ungetoka siku ya kwanza ningekupeleka. Lakini mtu anayekimbilia stoo siku nane siwezi kumpakia. Baki. Akajifuta macho kwa shuka alilokuwa analipiga pasi, kisha akaanza kulipiga upya.

Ushindi kamili.

Jumapili, 16 Machi. Hii ya kweli.

Injinia anaeneza kwenye ngazi kwamba sikushinda, nimehurumiwa. Wivu. Imethibitika kwamba binadamu anaweza kufika nyota nyingine, mradi nahodha aimiliki saa. Safari ya pili itakuwa ya siku thelathini. Injinia kakubali kupanda ili anione nikianguka. Saa nimemkabidhi Redio, kwa kuwa ameonyesha kipaji cha kasi.

Binti na mumewe wanaondoka mwisho wa mwezi. Wakati wa chai aliniuliza kama nitakuja hata kwa matembezi, nikaone kwetu. Nikamwambia aende, atazame vizuri, aniandikie kila kitu, hata rangi za milango. Barua nitazijibu zote.

Mimi sitarudi.